Maji Niliyochemsha

Novemba 19

Mimi ni mke wa Shadrack Masunga. Nimeisoma sentensi hii kwa sauti hapa uani mpaka kuku wa Prisila wameacha kudonoa wakanitazama. Watazame! Wangejua ninavyojisikia wangetaga mayai mawili mawili.

Tunaishi Nsemulwa, hapa Mpanda mjini. Chumba kimoja chetu, kimoja cha Mama Mariana, mama yake Shadrack, na sebule ambayo bado inanukia rangi mpya. Ng'ambo ya ua anakaa Prisila na mumewe Antoni, dereva wa bodaboda. Shadrack ni mtaalamu wa maabara hospitalini, na Mama ni mhudumu katika hospitali hiyohiyo. Asubuhi wakiondoka, Shadrack hugeuka pale kwa fundi cherehani akanipungia mkono, na mimi nabaki mlangoni na fagio langu kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya.

"Bibi harusi," Prisila akaniita leo, "fagia basi, mtu ameshafika kazini!"

Jana mvua ya kwanza ilinyesha. Hata matope nayaona mazuri.

Novemba 24

Mama amenikabidhi mtungi wake.

Kwao Usukumani, mke wa mwana akishaingia nyumbani, maji yanakuwa yake. Mama alinikalisha kwenye kigoda, akanifungia kanga kiunoni kwa mikono yake, akasema, "Mwanangu Dorice, nimechoka kuchota. Sasa nitakunywa kwako."

Mtungi ni mkubwa, mweusi, una shingo fupi. Ulitoka kaskazini na ng'ombe wao, Shadrack akiwa bado anabebwa mgongoni, umefungwa blanketi juu ya mkokoteni mpaka kijiji cha Majimoto. Mama anasema safari ile ndama wawili walikufa lakini mtungi haukupata hata ufa.

Kuna utaratibu wake. Maji yachemke sana, yaruke. Yasimiminwe ya moto, mtungi utapasuka. Yapoe kwanza kwenye sufuria. Nje nausugua nitakavyo, ila ndani hausuguliwi kamwe. Unasuuzwa tu. "Ukisugua ndani unauondolea ubaridi," Mama akasema. Nikaingiza mkono. Ndani unateleza kama jiwe la mtoni, na maji yake ni matamu na baridi utadhani yametoka kwenye friji.

Jambo la kunifurahisha zaidi ni hili: maji haya si yetu peke yetu. Mama anafanya kazi wodi ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati wao. Wanapopewa hewa ya oksijeni, hewa inapita kwanza kwenye kichupa cha maji, inatoa mapovu, ili isiwakaushe pua. Mashine ya hospitali ya kutengeneza maji safi iliharibika kiangazi, na bomba letu mvua zikianza linatoa maji ya rangi ya chai. Ndipo Mama akajitolea. Kila asubuhi anabeba chupa moja ya maji ya mtungini kwenda kuongeza kwenye vile vichupa.

Kwa hiyo tangu leo watoto wadogo kuliko wote Mpanda wanavuta hewa iliyopita kwenye maji yangu. Nimemwambia Shadrack, akanibusu kwenye paji la uso mbele ya mama yake! Mama akajifanya anatafuta kijiko.

Novemba 30

Mvua. Mvua. Nimepika ugali na migebuka, wale samaki wa kwetu Karema ziwani, Shadrack amekula mpaka akafungua mkanda.

Desemba 8

Leo nimeiona maabara. Shadrack alinichukua baada ya ibada, akanivalisha koti lake jeupe, mikono ikanizidi. Akanionyesha sahani ndogo za plastiki zenye kitu kama uji ulioganda. "Hiki ni chakula chao," akasema. "Unachukua pamba kwenye kijiti, unapitisha mahali unapopashuku, unapaka hapa, unaweka kwenye joto. Kama wapo, wataota. Utawaona."

"Wadudu?"

"Bakteria. Wadogo mno, mke wangu. Ila wakiwa wengi wanajionyesha wenyewe."

Ninampenda anapoelezea. Uso wake unakuwa wa mtoto.

Hakunipeleka kwa mapenzi tu, amepewa kazi. Watoto njiti wanapata homa siku chache baada ya kuwekwa kwenye oksijeni, na wawili wamefariki. Dokta Maximilian amemwita akamwambia, "Masunga, kuna kitu wodini kwangu. Kitafute." Kwenye damu ya watoto wale ameota mdudu wa rangi ya kijani mwenye jina refu ambalo siwezi kuliandika. Shadrack anasema sahani yake ina harufu tamu, kama pipi ya zabibu. Jambo baya kiasi hicho kunukia pipi!

Nimemwombea. Nimeomba pia wamsifu.

Desemba 15

Amepima bomba la wodini: kuna uchafu, lakini si yule wa kijani. Sinki: hapana. Mashine ya kufyonza makohozi: hapana. Magodoro, mikono ya wauguzi, hata kishikio cha mlango: hapana.

Nilimsimulia Prisila tukichambua mchele. Ana mimba, tumbo linaanza kumtangulia.

"Kwa hiyo mumeo analipwa kupapasa sinki kwa pamba?"

"Ni utaalamu huo!"

"Basi mwambie aje kwangu apapase masufuria, Antoni ananiambia hayatakati."

Tulicheka mpaka Mama akatoka kuuliza kuna nini. Prisila akamwambia anasubiri mapacha, wote wawili wana sura ya Antoni, ndiyo maana anacheka asilie.

Desemba 26

Krismasi njema, kuku wawili. Ila Mama alirudi kutoka kazini na macho mekundu. Mtoto wa tatu. Alimbeba mwenyewe kumpeleka kwa mama yake. Hakula. Nilimpa maji ya mtungini, akanywa kikombe chote akaniambia, "Asante mwanangu, angalau haya."

Januari 4

Shadrack hazungumzi. Nilimuuliza kama nimemkosea, akasema kazi. Nimempikia maandazi ya nazi, ameyaacha.

Januari 7

Nilirudi kutoka sokoni nikamkuta Shadrack amechuchumaa mbele ya mtungi, mfuniko mkononi. Nilidhani ana kiu. Nikamletea kikombe. Akakitazama kikombe, akanitazama mimi, akasema atakunywa chai.

Januari 9

Siwezi kuamini. Mtungi umevunjika.

Anasema aliteleza na matope alipokuwa akiusogeza. Ausogeze wapi, na kwa nini? Vipande vilikuwa uani, vingine vimefika mpaka kwa kuku, na yeye amesimama katikati na mvua inamnyeshea. Nilipiga kelele. Ni mara yangu ya kwanza kumpigia kelele mume wangu. Nilimwambia ameua kitu cha mama yake kilichovuka nchi nzima.

Mama hakumgombeza. Aliokota kipande cha shingo, akakifuta kwa kanga, akaingia nacho chumbani.

Jioni Shadrack akaja na ndoo mpya ya plastiki yenye bomba. Nioshe kwa sabuni kila siku, amesema, ndani na nje, nikaushe, nimimine maji yakiwa ya moto. Aliyasema hayo mara tatu, kwa ukali. Yanapokuwa kwenye ndoo yananuka plastiki. Nimelia.

Januari 13

Tumepatana. Hatukuzungumza lolote, alinishika mkono tu tukisikiliza mvua kwenye bati. Mikono yake ilikuwa baridi.

Mama amesimulia kwamba Shadrack kamwambia Sista Verdiana, muuguzi mkuu wa wodi, vichupa vya oksijeni vilowekwe kwenye klorini. Sista kajibu sawa, klorini ikija.

Februari 2

Sifa! Dokta Maximilian amemshukuru mbele ya wenzake. Tangu katikati ya Januari homa zimepungua wodini. Chanzo hakikujulikana, lakini dokta amesema uchunguzi wa Masunga umewafanya wote waongeze usafi. Niliposikia kwa Mama nilikimbia kununua nyama.

Shadrack alipoona pilau aliuliza ya nini.

"Ya sifa zako!"

Akasema tumbo linamuuma. Mama na mimi tukala, Prisila akala sahani mbili, moja yake, moja ya mtoto.

Februari 16

Prisila ameshikwa na uchungu wakati usiofika. Antoni alimbeba kwenye pikipiki, mimi nyuma nikimshika, watatu kwenye mvua, madimbwi ya kutosha kufuga samaki. Njia nzima alikuwa akisema, "Antoni, taratibu. Antoni, haraka." Ni mtoto wa kiume. Mdogo, jamani! Kichwa chake kinaingia kwenye kiganja changu. Jina lake Enoka.

Yuko kwenye oksijeni. Nilisimama dirishani nikakiona kile kichupa, mapovu yanapanda moja moja. Nikajivuna. Nikamwambia Prisila, "Yale maji ni mimi nayachemsha, usiogope." Akanikamata shingo akanibusu.

Nilimweleza Shadrack aliporudi. Alikuwa ananawa. Akaacha maji yakimwagika, akauliza, "Kwenye oksijeni?" Kisha akatoka bila viatu, akakimbilia hospitali. Nikasema moyoni: tazama mwanaume huyu anavyowapenda majirani zake.

Februari 19

Enoka ana homa.

Februari 20

Prisila hataki kukaa. Anasimama dirishani. Nimempelekea uji, umepoa, nimeupasha, umepoa.

Februari 21

Enoka amefariki asubuhi.

Februari 22

Tumemzika. Kaburi fupi sana. Mvua ilisimama wakati wa kufukia, ikaanza tena tulipogeuka. Mwenye jeneza alikuwa Antoni, alilibeba chini ya kwapa kama mtu aliyebeba redio, hakuruhusu mtu amsaidie. Shadrack hakuja makaburini. Prisila amefunga matiti kwa kanga maana maziwa yanakuja, hayajui.

Februari 24

Nitaandika kila kitu leo, hata mkono ukiuma.

Jana Mama alikwenda kukaa na wafiwa. Shadrack alikuwa kitandani, nguo za kazini mwilini. Nilimuuliza kwa nini hakuja kuzika. Akageukia ukuta. Nikamwambia Antoni ameuliza, watu wote wameuliza. Akasema, akiwa bado anatazama ukuta:

"Ni mtungi."

"Mtungi gani?"

"Wa Mama, Dorice."

Sikuelewa. Nilidhani homa imempanda. Akakaa, akaanza kuelezea kama siku ile maabara, ila uso haukuwa wa mtoto. Alipima kila kitu wodini isipokuwa maji ya vichupa vya oksijeni, kwa sababu kila mtu alijua maji yale yamechemshwa. Yeye mwenyewe ananiona nikiyachemsha. Mwishowe akapima ili kumaliza tu. Sahani ikaota kijani. Akapima chupa anayobeba Mama. Kijani. Akapima mtungi nilipokuwa sokoni. Kijani, na ile harufu ya pipi.

"Lakini nilichemsha!"

"Ulichemsha vizuri. Nilipima hata ya kwenye sufuria, hayakuwa na kitu. Ni ule utelezi wa ndani. Ndiyo makazi yao, wamekaa humo miaka. Ukimimina maji yaliyopoa unawapa chakula."

"Mbona sisi tulikunywa?"

"Sisi yanakwenda tumboni, tuna nguvu. Wale yanapanda na hewa, yanaingia mapafuni. Mapafu yao, Dorice..."

Nilikuwa nimekaa sakafuni, sijui niliketi saa ngapi. Nilitazama mikono yangu.

"Ulijua tangu Januari," nikasema.

"Niliuvunja. Nilikuletea ndoo."

"Na vichupa?"

"Nilimwambia Sista aviloweke."

"Ulimwambia kwa nini?"

Akalivuta shuka miguuni.

"Shadrack, ulimwambia kwa nini?"

"Ningesemaje? Kwamba mama yangu ndiye? Kwamba mke wangu ndiye? Nilitaka usijue. Nilitaka wewe uendelee kuwa... uendelee kucheka vile. Nilidhani mtungi ukiisha, mambo yameisha."

Hayakuisha. Mama hakuwahi kumwaga vile vichupa, alikuwa anaongeza tu juu ya yaliyobaki, kama alivyofundishwa. Maji yangu mapya ya kwenye ndoo, masafi, yalikuwa yanamiminwa juu ya yale ya zamani. Siku ile aliyokimbia bila viatu alikwenda kumwomba muuguzi wa zamu abadilishe kichupa cha Enoka. Muuguzi akajibu kimesuuzwa, kina shida gani? Na mume wangu akasema, "Hakina shida, nauliza tu."

Amepima damu ya Enoka. Kijani.

Nampenda. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli na sijui niiweke wapi.

Februari 25

Nilimwambia amweleze Mama na dokta. Amesema kesho.

Februari 26

Amesema kesho.

Februari 27

Wodini kuna watoto wengine wanne kwenye hewa ile. Sikusubiri kesho nyingine.

Mama alikuwa anamenya karanga. Nilipiga magoti nikamwambia yote, mtungi, utelezi, vichupa, Enoka. Hakuinua macho. Aliendelea kumenya, maganda huku, karanga huku, mpaka nikafikiri hakusikia. Kisha akaita kuelekea mlango wa chumba chetu, maana Shadrack alikuwa ndani:

"Baba."

Ndivyo anavyomwita, baba, kwa kuwa Shadrack amechukua jina la baba mkwe wake. Shadrack akatoka.

"Ulijua lini?"

"Januari, Mama."

"Mimi nimejaza vile vichupa Februari yote. Kwa mkono huu. Unaniona natoka na chupa asubuhi, unaniambia kazi njema."

"Mama, wangekufukuza."

"Wangenifukuza."

"Wangekusema mjini kote. Wangemsema Dorice."

"Wangetusema." Akasimama, karanga zikamwagika kutoka mapajani. "Mtu akiambiwa loweka, ataloweka akipata nafasi. Akiambiwa hiki kinaua, ataacha mtoto wake anayenyonya akimbilie. Wewe ulisomeshwa ili useme neno hilo moja."

Akavaa sare yake ya kazi, akaenda hospitali kwa miguu, hakutaka bajaji. Nilimfuata. Aliingia wodini, akazima hewa kwenye mashine moja baada ya nyingine huku akimwita Sista Verdiana aje aone, akavitoa vichupa vyote vinne akaviweka kwenye beseni. Sista alipaza sauti, "Mama Mariana, umechanganyikiwa?" Mama akasema, "Warudishie hewa bila maji. Halafu mwite dokta. Nina la kusema."

Akalisema lote. Hakuficha jina la mtu, kuanzia la kwake.

Machi 1

Klorini ilikuwa stoo tangu Januari. Sista Verdiana alikaa chini kwenye korido akalia, anasema ningejua, ningejua.

Sasa vichupa vinamwagwa, vinachemshwa, vinakaushwa, na watoto wasiohitaji maji hawawekewi. Wanne wale wako salama. Shadrack amesimamishwa kazi mpaka kamati ikae. Mama hakufukuzwa. Dokta alimwambia arudi, wodi inamhitaji. Amesema atarudi kufua mashuka, watoto hatawagusa.

Machi 5

Mama alikwenda kwa Prisila. Nilimwona anavuka ua, anachuchumaa mlangoni, mlango unafunguliwa. Alikaa humo muda. Alipotoka hakunitazama.

Machi 6

Leo nimekwenda mimi. Prisila alikuwa kitandani amekaa, mgongo ukutani. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakapotea.

"Nani alikuwa anachemsha?" akaniuliza.

"Mimi."

"Nani alikuwa anabeba?"

"Mama."

"Na nani alikuwa anajua?"

Hakungoja jibu. Akanijibia yeye.

"Mama mkwe wako alikuja jana akalia hapo ulipo. Leo wewe. Nyie hamkujua, na nyie ndio mnaokuja. Aliyejua yuko wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani ni hapo. Nakiona kivuli chake dirishani kila nikifungua pazia." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Alikuja hospitali siku ile, Dorice. Nilimwona. Alisimama karibu na mwanangu kama wewe ulivyo karibu nami. Nikamsalimia, nikamwambia shemeji, asante kwa kuja. Akaniambia usijali."

Nililia. Yeye hakulia.

"Mwambie ana miguu," akasema. "Na usije tena kwa niaba yake."

Machi 7

Nimemwambia. Amesema atakwenda.

Machi 9

Amepita nyuma ya nyumba, kwenye shamba la mahindi, ili asivuke ua.

Machi 11

Leo tena amepita nyuma. Viatu vyake vina matope mpaka kwenye kamba. Zamani ningevikimbilia kuviosha.

Mama yangu amepiga simu kutoka Karema, habari zimefika ziwani. "Rudi nyumbani, mwanangu, bado ni mapema, hata watu hawatashangaa." Nikamwambia nitafikiri. Ukweli sifikiri kurudi. Nafikiri juu ya mwanaume niliyemwona Novemba, kama alikuwepo, au nilimchora mimi kwa kalamu yangu. Alinificha ili nisiumie. Ningekuwa nasoma kitabu ningesema, ni mapenzi makubwa yaliyoje! Lakini sikumwomba zawadi hiyo, na aliyeilipia ni mtoto wa Prisila.

Machi 12

Amepita nyuma.

Machi 15

Mvua zinapungua. Tunalala kitanda kimoja, kila mtu na ukingo wake. Alinong'ona alfajiri, "Nikienda nitamwambia nini?" Nilimjibu sijui. Nikasema, "Enoka. Anza na jina lake. Watu wote wanasema kile kichanga, yule mtoto. Ana jina." Akajaribu kulitamka hapo hapo kitandani. Likamkwama. Akajaribu tena, nikamsikia analia kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia kwa mwanaume, kama mtu anayekohoa. Sikumshika. Nilitaka, ila nilihisi nikimshika atatulia, na akitulia hatakwenda.

Machi 18

Amekwenda.

Ilikuwa mchana, baada ya mvua ndogo, jua kali limetoka ghafla. Alikuwa amekaa sebuleni, akanyanyuka, akaoga, akavaa shati la kawaida. Akaenda mpaka mlango wa nyuma, akaushika. Kisha akauacha, akapita sebuleni, akatokea mlango wa mbele. Nikamfuata, sikuwa nimepanga.

Kuvuka ua ule! Mama alikuwa kwenye kamba anaanika nguo, akabaki ameshika shuka. Shadrack alifika kwa Prisila, akabisha. Antoni akafungua. Walitazamana wanaume wale wawili waliokuwa wanaangalia mpira pamoja kila Jumapili, nikadhani Antoni atampiga, na Shadrack alisimama kama anayengoja kupigwa.

Kutoka ndani sauti ya Prisila ikasema, "Nani?"

"Mimi, Shadrack. Nimekuja kwa ajili ya Enoka."

"Mwache aingie," Prisila akasema. "Yeye peke yake."

Antoni akasogea pembeni. Shadrack akainama kupita chini ya mlango, mfupi ule, na mlango ukafungwa usoni kwangu. Nilibaki nje nimesimama juani, nimetega sikio. Nilisikia sauti ya mume wangu, ya chini, inaanza, inakatika, inaanza. Sikusikia maneno. Sikusikia Prisila akijibu hata mara moja. Sijui nilitaka nini, amsamehe au asimsamehe.

Mlango ukafunguka kidogo. Alikuwa Antoni, macho mekundu, ameshika kigoda. Akakiweka chini kwenye kivuli cha bati, akakipangusa vumbi kwa mkono.

"Kaa, shemeji," akasema. "Itachukua muda."